La Chouffe kibarazani Bwiru: tathmini ya bia ya Ubelgiji yenye hadithi

Mpwa wangu anasoma Leuven, Ubelgiji, na alipokuja likizo hakuleta chokoleti peke yake. Baada ya shikamoo na habari za safari alifungua begi sebuleni kwangu Bwiru, hapa Mwanza, akatoa chupa nne alizozivingirisha katika fulana zake: mbili kubwa za La Chouffe, za sentilita 75 kila moja, na mbili ndogo za Mc Chouffe, bia ya kahawia ya kiwanda hichohicho, za sentilita 33. "Mjomba," aliniambia, "hii ndiyo bia yenye hadithi." Kwenye lebo kulikuwa na kijitu chenye ndevu nyeupe na kofia nyekundu. Bia tulizozoea huku kwetu zimebeba majina ya vitu vikubwa vya nchi, kama mlima Kilimanjaro, mbuga ya Serengeti na tembo aitwaye Ndovu, na hapa Kanda ya Ziwa tunayo Balimi, ambayo jina lake ni wakulima wenyewe. Hata hivyo sikumbuki bia hata moja kati ya hizo iliyojaribu kunisimulia hadithi, na kwa sababu hiyo niliamua kuionja hii kwa makini na kuandika nilichokiona, kizuri na kibaya.

Kwanza nieleze kijitu hicho, kwa maana lugha yetu inampa mwandishi tabu hapa. Wafaransa na Wabelgiji wanaosema Kifaransa humwita lutin, kiumbe mdogo wa msituni anayeishi karibu na binadamu, akiwasaidia siku moja na kuwachokoza siku nyingine. Mtu anaweza kushawishika kusema kibwengo, lakini kibwengo wa Kiswahili hutisha, na bibi zetu hawakumtaja usiku bila kushusha sauti. Neno mbilikimo nalo silitaki, kwa sababu linawahusu binadamu halisi wanaostahili heshima yao. Nitasema kijitu, basi, na msomaji akumbuke kwamba huyu ni mkaaji wa misitu ya Ardennes, ile nchi ya vilima na mabonde iliyo kusini-mashariki mwa Ubelgiji, ambako hadithi za viumbe wa aina hii zimesimuliwa vizazi na vizazi. Kijiji chenyewe kinaitwa Achouffe, kipo katika manispaa ya Houffalize, na jina la bia limetoka katika jina la kijiji. Kando yake kuna bonde ambalo watu hulitembelea kwa miguu, nalo linaitwa Vallée des Fées, yaani bonde la wale viumbe wa kike wenye miujiza wanaopatikana katika ngano za Ulaya. Kwa hiyo hadithi hii haikununuliwa kwa mtaalamu wa matangazo wa mjini, maana ilikuwa imekwisha kulala katika majina ya mahali kabla ya bia kupikwa.

Bia ilipikwa na mashemeji wawili, Pierre Gobron na Christian Bauweraerts. Walianza na mtaji wa faranga 200,000 za Ubelgiji, ambazo kwa hesabu ya leo hazifiki hata yuro 5,000, na tarehe 27 Agosti 1982 wakapika mpiko wao wa kwanza wa lita 49. Naomba msomaji wa Mwanza aitazame hesabu hiyo kwa vipimo vya nyumbani: lita 49 hazijazi madumu mawili na nusu ya lita ishirini. Mama anayepika pombe ya kienyeji kwa ajili ya mnada wa Jumamosi hupika zaidi ya hapo. Bia hiyo leo inanywewa katika nchi nyingi, lakini ilianza kama shughuli ya jikoni ya watu wawili waliounganishwa na ndoa, na mimi niliyeinywa nikiwa na shemeji yangu, kaka wa mke wangu, niliguswa na jambo hilo kuliko nilivyotarajia. Kuna kazi nyingi ambazo ndugu wa damu hawawezi kuzifanya pamoja kwa sababu wanajuana mno, ilhali mashemeji, kwa ile heshima iliyo kati yao, huziweza.

Hata hivyo lazima niseme jambo ambalo lebo haisemi kwa herufi kubwa. Kiwanda cha Achouffe hakimilikiwi tena na nyumba ya wale mashemeji. Mwaka 2006 kilinunuliwa na Duvel Moortgat, kampuni ya ukoo mwingine, iliyoanzishwa mwaka 1871 na Jan-Léonard Moortgat kule Breendonk, upande wa Wabelgiji wanaosema Kiholanzi, na ambayo imebaki mikononi mwa ukoo huo. Anayeinunua bia hii akiamini kwamba pesa yake inakwenda kwa familia ya kijijini Achouffe ajue kwamba inakwenda kwa familia, lakini si ile. Mimi sikuliona hilo kuwa hila. Nyumba iliyouziwa ilikuwa ya watengenezaji bia tangu karne ya 19, na bia bado inapikwa Achouffe palepale, jambo ambalo kwangu lina uzito mkubwa, kwa sababu hadithi ya kijiji inayotengenezwa katika mji mwingine ingekuwa imekufa.

Sasa nije kwenye chupa, na nianze na kosa lililotupotezea karibu robo ya chupa ya kwanza. La Chouffe haichujwi. Inapotiwa kwenye chupa huongezewa hamira ili iumuke mara ya pili humo humo ndani, na kwa sababu hiyo hukaa na mashapo chini kama togwa lililotulia, na gesi yake ni nyingi kuliko ya bia zetu za kiwandani. Chupa hizi zilikuwa zimesafiri kwa ndege hadi Dar es Salaam, kisha zikapanda basi kuja Mwanza, safari ya zaidi ya kilomita 1,000 yenye matuta yasiyohesabika. Tulizitia kwenye jokofu saa kumi jioni na saa kumi na mbili tukafungua ya kwanza. Povu lilipanda kwa nguvu likamwagika juu ya kitambaa cha meza cha mke wangu, na kilichobaki kilikuwa kimechafuka, chenye ladha ya hamira inayofunika kila kitu. Ya pili tuliiacha imesimama wima siku tatu, tukaifungua polepole, tukaimimina kwa kuinamisha glasi, na tukaacha kiasi cha kidole kimoja chini ya chupa. Zilikuwa kama bia mbili tofauti. Maelezo haya nayaandika kwa urefu kwa sababu anayeonja chupa iliyotikiswa ataihukumu bia isivyo haki, na sisi tunaoishi mbali na bandari tutapokea chupa zilizotikiswa daima.

Ile ya pili ilikuwa ya rangi ya dhahabu iliyofifia kidogo kwa ukungu, kama asali mbichi ukiiinua kwenye mwanga wa jua la jioni linalozama upande wa Ziwa. Povu lake lilikuwa jeupe, zito, na lilidumu mpaka glasi ilipofika katikati. Harufu ndiyo iliyonishangaza. Kabla ya kuinywa, shemeji aliinusa akasema, "Kuna kitu cha jikoni humu," na alikuwa amepatia, kwa kuwa ndani yake kuna giligilani, zile mbegu kavu ambazo mama zetu wa pwani husaga kwa ajili ya mchuzi na pilau. Kwenye bia mbegu hizo hazileti ladha ya mchuzi. Huleta ubichi unaokaribia ganda la chungwa, na nyuma yake hufuata utamu wa matunda unaotokana na hamira yenyewe. Uchungu wa hopsi, yale maua yanayoipa bia uchungu wake, upo mwishoni, mdogo, wa kusafisha kinywa tu. Mtu aliyezoea bia yetu ya Safari ikiwa baridi sana, inayoshuka kooni kama maji baada ya kazi, ataona kwamba hii haitaki kunywewa hivyo. Ukiinywa ikiwa baridi ya barafu inanyamaza kabisa, na tuliiona ikianza kusema ilipokaa mezani dakika kumi hivi, ikapoteza ukali wa jokofu lakini ikiwa bado ya kuburudisha.

Kwa joto la Mwanza hilo ni tatizo la kweli. Dakika kumi za Achouffe, ambako kuna theluji wakati wa majira ya baridi, si sawa na dakika kumi za kibarazani Bwiru mwezi wa Septemba. Nusu ya pili ya glasi yangu ilipata uvuguvugu, na utamu uliokuwa umejificha ukajitokeza kupita kiasi, hata nikatamani ningemimina kidogo kidogo huku chupa ikibaki kwenye jokofu. Hiyo ndiyo njia ninayoipendekeza kwa yeyote wa huku: glasi ndogo, mimino mdogo, na chupa irudi kwenye baridi.

Mc Chouffe tuliifungua siku iliyofuata, na hapa hukumu yangu ni wazi zaidi. Ni ya rangi ya kahawia yenye wekundu kwa ndani, na ladha yake ina sukari iliyoungua kidogo, zabibu kavu, na kwa mbali kitu kinachofanana na anisi. Utamu wake haukunichosha kama ule wa mwenzake, kwa sababu kimea kilichokaushwa kwa moto mkubwa zaidi hukipa kinywaji uchungu kidogo wa kuungua ambao huusawazisha utamu. Hii niliipenda kweli kweli. Iliposhika joto haikuharibika, bali ilizidi kufunguka, na mtu anayeishi katika nchi ya joto asiyekuwa na ndoo ya barafu ataelewana nayo kwa urahisi kuliko na ile ya dhahabu.

Kuhusu chakula, La Chouffe ilikaa vizuri sana na sato. Tulimchukua soko la samaki la Mwaloni asubuhi, akakaangwa mzima, akakamuliwa ndimu, na giligilani iliyo kwenye bia ikawa kama kiungo cha pili juu ya samaki. Dagaa wakavu waliokaangwa na pilipili nao walikwenda nayo, ingawa pilipili ikizidi, nguvu ya kileo huiongezea ukali. Sangara wa mchuzi wa nazi hakufaa, maana mafuta na utamu vilikutana vikalemea. Mc Chouffe kwa upande wake niliinywa na nyama ya ng'ombe ya kuchoma, na hilo halimshangazi mtu yeyote. Lililonishangaza ni kwamba iliendana kupita vyote na michembe, vile vipande vya viazi vitamu vilivyokaushwa ambavyo Wasukuma tunavihifadhi kwa ajili ya kiangazi, mke wangu alipovipika na karanga zilizotwangwa. Utamu wa kiazi kilichokauka juani na utamu wa kimea kilichokaushwa motoni ni ndugu, na sidhani kama kuna mtu wa Achouffe aliyewahi kuonja jambo hilo. Natamani angeonja.

Nguvu ya kileo inahitaji onyo la wazi. Bia zote mbili zina asilimia 8, wakati Kilimanjaro ina asilimia 4.5 na Safari 5.5. Chupa ndogo ya sentilita 33 yenye asilimia 8 ina mililita 26 na zaidi kidogo za kileo halisi, kiasi kinachozidi kidogo kile kilicho ndani ya chupa yetu ya nusu lita yenye asilimia 5. Chupa kubwa ya sentilita 75 ina mililita 60, yaani zaidi ya chupa mbili za nusu lita. Na kwa kuwa ladha haisemi ukali huo, mtu anaweza kuimaliza chupa kubwa peke yake akidhani amekunywa moja. Shemeji alikuja na pikipiki yake, na ilipofika saa tatu usiku tulikubaliana kwamba pikipiki ilale kwangu, naye arudi Kirumba na bajaji.

Kuna jambo jingine ambalo mpwa wangu hakuliwaza, nami naliona zito kuliko hilo la nguvu. Wajukuu wangu wawili, mmoja wa miaka sita na mwingine wa minane, waliikimbilia chupa kabla ya chokoleti. Waliona kofia nyekundu na ndevu, wakauliza anaitwa nani, anaishi wapi, na kama wanaweza kuchukua chupa wakalale nayo. Mchoro wa ngano huita watoto, popote ulipowekwa. Mtengenezaji akiazima kiumbe wa hadithi ambazo kila mahali husimuliwa watoto, akamweka juu ya kinywaji ambacho nchini mwetu ni marufuku kuuziwa aliye chini ya miaka 18, amechukua pia wajibu fulani, na kwenye lebo niliyoishika wajibu huo haukuonekana kwa ukubwa unaolingana na kile kijitu. Kwangu chupa zilihamishiwa juu ya kabati, na tupu ziliondolewa siku ileile, ingawa nilijua wajukuu wangezililia.

Jioni ya Mc Chouffe alikuwapo pia babu mdogo, ndugu yake marehemu baba, aliyekuja kutoka Sengerema kwa ajili ya kliniki na ambaye bado anasifu kwamba siku hizi anapita juu ya daraja la Kigongo–Busisi bila kungoja kivuko. Alionja kijiko kimoja tu kwa sababu ya dawa anazotumia, akasema kina mwili kama wanzuki iliyopikwa na mtu mwenye subira. Wanzuki ni pombe ya asali, na kwa mzee wa Kisukuma hakuna sifa ndogo katika ulinganisho huo. Kisha akaitazama lebo kwa muda mrefu, akauliza kijitu hicho kilifanya nini. Mpwa wangu alijaribu kueleza kwamba ni mkaaji wa msituni anayependa bia. "Hilo si tendo," babu alisema. "Alifanya nini?" Nasi hatukuwa na jibu, kwa sababu chupa inatoa umbo la mhusika na kofia yake, lakini kisa hakimo.

Ndipo akatusimulia yeye, kama walivyosimuliwa vijana kwenye shikome, ule moto wa jioni wa wanaume, kisa cha Masala Kulangwa: jinsi zimwi Shing'weng'we lilivyowameza watu wote na mifugo yao, jinsi mwanamke mmoja mjamzito alivyosalimika kwa kujificha kwenye makapi, na jinsi mtoto aliyemzaa alivyokua akimletea mama yake kila alichokiua, panzi, ndege, mnyama, akiuliza kama ndilo hilo, mpaka siku alipoliua kweli, akalipasua tumbo na watu wakatoka wote. Wajukuu waliokuwa wameikimbilia chupa walikaa chini ya kiti cha babu bila kupepesa, na glasi yangu ilikaa mkononi nusu saa nzima. Hapo niliielewa bia hii kuliko nilivyoielewa siku ya kwanza. Imetengenezwa kwa ajili ya jioni ya namna hiyo, ya watu wachache wasio na haraka na msemaji mmoja, na ukiinywa kwenye baa yenye muziki wa kupasua masikio utakuwa umelipia kitu ambacho hutakipata. Upungufu ambao babu aliuona ninaukubali pia. Kampuni yenye kijiji, bonde lenye jina la miujiza na mashemeji walioanza na lita 49 ingeweza kuandika kisa kizima mgongoni mwa chupa, hata kwa mistari sita. Nafasi ilikuwapo.

Utamaduni wa bia wa Ubelgiji uliingizwa na UNESCO mwaka 2016 katika orodha ya urithi usioshikika wa binadamu, na baada ya chupa hizi siuoni uamuzi huo kuwa wa kupendelea. Nilichokionja kilikuwa kazi ya watu wanaoiheshimu hamira yao. Ila katika maduka ya vinywaji niliyozunguka kati ya Kirumba na katikati ya mji sikuikuta bia hii, na kwa anayetaka kuijua, njia iliyobaki ni ndugu anayesafiri.

Mpwa wangu amekwisha kurudi Leuven, na ameniuliza alete nini mwezi wa Desemba. Nimemwambia aache chupa kubwa, kwa sababu ya uzito wake kwenye begi na kwa sababu haifai kufunguliwa na watu wawili katika joto letu. Alete Mc Chouffe ndogo nne na La Chouffe ndogo mbili, afike nazo mapema ili zisimame siku tatu kabla ya kufunguliwa, na akipata nafasi apite Achouffe, awaulize wazee wa kijiji kile kijitu kilifanya nini, kwa kuwa babu atakuja tena kliniki na atauliza.